Kinkina ku Vidole vya Mama

Kule Kimemi, chini kidogo ya fasi ninakaa, kuna depo moja batu banaanika maganda ya kinkina pembeni ya barabara. Ninyi ba umri wangu munaijua kinkina, ule muti wa milima yetu wenye maganda makali banayotengenezea dawa ya malaria. Maganda yakipigwa na jua, yanatoa vumbi ya rangi ya matofali, na harufu inayoshuka mpaka nyuma ya ulimi. Batu banapita pale banaongea simu, banakula karanga. Mimi ninapita na kitambaa ku pua. Juzi mwenye taxi-moto aliyenipakia aliona namna nilivyojifunga uso, akaanza kunicheka, mimi mwenye umri wa nyanya yake.

— Mukaka, uko naogopa vumbi?

— Endesha. Hapana kuuliza.

— Mais hii ni dawa, Mukaka! Inaponyesha batu.

— Kwetu haikuponyesha mutu. Endesha, nimesema.

Akaendesha. Mais harufu ilikuwa imekwisha kuingia, na nilipofika kwangu sikuweza kula. Nilikaa ku kiti, mugongo wangu ukakumbuka uzito wa mudogo wangu Kyakimwa. Nasema uzito, lakini hakukuwa uzito. Nilikuwa ninamubeba ku mugongo, na mara zingine nilipeleka mukono nyuma nimuguse, nijue kama eko bado.

Batoto bangu bananiambia: mama, hii umri, ungeacha hii mambo. Majina yote ya nini? Mimi majina sisahau. Ninayashika vile vile walivyokuwa wenyewe, kila moja na sura yake na kile alichosema. Na sisamehe hata moja.

Tulikuwa Kipese, kwenye baridi. Asubuhi ukungu ulikuwa unaingia mu nyumba kama mugeni asiyebisha mulango, na viazi tulivichimba na vidole vyenye kufa ganzi. Baba yangu Paluku hakuwa mutu wa viazi sana. Yeye alikuwa ananunua miti ya kinkina mu mashamba ya batu, anaangusha, anatoa maganda, anatuletea mu magunia. Kazi ya kukwangua ilikuwa yetu: mama yangu Masika na siye batoto. Unakaa ku kigoda, unashika ganda ku magoti, unakwangua na kisu ile nyasi ya kijani yenye kuota juu, kisha unakatakata na unaanika. Vumbi ilikaa mu nywele, mu nguo, mu shuka za kulalia. Chini ya kucha za mama kulikuwa musitari mwekundu ambao haukutoka hata Siku ya Mungu, hata akienda kanisani na kitambaa chake kizuri.

Kwa dada mukubwa wa baba, Shangazi Kanyere, hakukuwa kinkina. Bwana yake alikuwa na ng'ombe. Nyumba yao ilinuka maziwa na moshi, na shangazi alikuwa anajua kwamba inanuka vizuri. Alikuwa na mutoto wa kike, Mbambu, aliyezaliwa musimu mumoja na Kyakimwa wetu.

Sasa, kwetu mulimani, mutoto akianza kukimbia bila kuanguka, banamutosha ku ziwa, aache kunyonya. Na namna ya kumutosha ilikuwa moja kwa bamama bote: unalowanisha ganda la kinkina, unapakaa ku ziwa. Mutoto anakuja mbio, anaramba, anakunja uso, analia. Kesho anajaribu tena, analia kidogo. Kisha anachoka, anakuja kukaa ku sahani pamoja na benzake, na mambo inaisha. Hakuna aliyeona vile kama ukali. Ilikuwa sawa na kumunyoa.

Mbambu walipomupakalia, aliramba, akacheka, akaendelea kunyonya. Bamama walipiga makofi. Shangazi ilibidi apakae tena na tena, na yule mutoto akamaliza kwa kulitafuna ganda lenyewe kama muwa. Alikuwa anakula kila kitu: mboga chungu za porini, majivu, udongo wa ukuta. Mapaja yake yalikuwa na mikunjo kama mikono ya koti la mutu mukubwa.

Kyakimwa aliramba mara moja. Sijasikia tena kilio kama kile. Alitapika, akashika ulimi wake na vidole kama anataka kuutoa mu kinywa autupe. Ziwa hakulitafuta tena. Mama akasema, vizuri, huyu anaelewa haraka. Mais jioni, mama alipofinyanga fufu, ugali wetu, na vidole vyake, akachovya mu maharagi, akamupelekea ku kinywa, Kyakimwa alifunga midomo na akageuza uso. Kesho yake vile vile. Uji ya mama, hapana. Kiazi chenye kumenywa na mama, hapana. Akishikwa pua ili afungue kinywa, anafungua, anapokea, anangoja umuachie pua, kisha anatema yote ku kifua chako. Aliishi na maji, na vile vitu vidogo alivyookota mwenyewe kule nje. Mwili ulianza kushuka. Kwanza mashavu, kisha mikono, kisha mbavu zikaanza kuonekana kama miti ya ukuta ambao udongo umeanguka.

Mimi nilikuwa mutoto wa kubeba batoto, meno ya mbele yalikuwa yametoka. Nilitaka kuelewa. Siku moja shangazi alikuwa amekuja kutukana, na alipoondoka, mama alikaa ku kigoda anakwangua maganda kwa nguvu, machozi yanashuka. Nilikwenda kumushika mukono, nikaweka kidole chake mu kinywa changu, sawa nilivyofanyaka nikiwa mudogo. Kilikuwa chungu. Mimi nilifikiri: ni hasira. Hasira ya mama imekuwa mingi, imejaa mu tumbo, sasa inatokea ku vidole na inaingia mu chakula. Sikuona ganda lililokuwa ku magoti yake. Nilikuwa ninakwangua kinkina tangu nilipoweza kushika kisu. Kwangu uchungu wake ulikuwa kama harufu ya nyumba, mutu haiwaze tena. Nikamwambia:

— Mama, ukimulisha Kyakimwa, hapana kukasirika. Ucheke.

— Nicheke nini, Kavira?

— Ucheke tu. Fufu itakuwa tamu.

Na alifanya vile. Mpaka leo njo kitu kinachonichoma zaidi. Kila jioni mama yangu alikaa mbele ya mutoto anayekufa, akavuta midomo yake akacheka, akanyoosha vidole vyake vyekundu na tonge la fufu. Na mutoto akageuza uso.

Ku dispensere ya kanisa walikuwa wanapima batoto. Mizani ilifungwa ku boriti, na kikapula cha nguo chenye matundu mawili ya miguu. Mutoto anatiwa mule, ananing'inia kama kuku wa soko, na Mama Rebeka, mwenye kupima, anasoma kwa sauti ili bote basikie. Waliokuwa ku musitari siku ile ninawajua: Mama Furaha, Mama Kasoki, Mama Yoneki na mama mukwe wake. Ninawataja juu walicheka.

Mbambu alitiwa wa kwanza. Boriti ililia. Mama Rebeka akasema:

— Eeh! Huyu banamulisha nini, mutoto wa chifu?

— Ni maziwa ya ng'ombe tu, na kinywa chenye heshima, shangazi akajibu.

Walipomutia Kyakimwa, kijiti cha mizani kilisogea kidogo, kikasimama. Mama Rebeka akapiga mizani na kidole, akifikiri imekwama. Haikukwama. Akamugeukia mama.

— Masika, huyu mutoto unamupatia chakula ao unamwonyesha tu?

Bale bamama wakacheka. Mama alisema polepole kwamba mutoto anakataa.

— Anakataa! Shangazi akashika kiuno. Sikieni! Mutoto anakataa chakula cha mama yake. Mutoto mudogo hana uongo, bamama. Yeye anaona kitu siye hatuoni. Mutoto anakataa mukono wenye kitu.

— Kitu gani, mulamu? mama akamuuliza ule dada ya bwana yake. Sema.

— Mimi sijasema. Mutoto wako njo amesema.

Hakutamka ile neno pale. Alilibeba vizuri, akalipeleka mu nyumba ya baba yangu. Karuho. Ninyi munajua kwetu hii neno inafanya nini. Sumu ya kutengenezwa, ya kuweka polepole mu chakula cha mutu mpaka akauke. Ukishapakaliwa karuho, hata ukioga mu muto wote haitoke. Batu banaacha kunywa maji kwako. Bajirani banaita batoto babo wakikuona.

Walikaa mu nyumba yetu mchana, bakubwa ba ukoo na shangazi. Mimi nilikuwa ku mulango na Kyakimwa ku mugongo. Mama alisema: niliweka kinkina ku ziwa, sawa banyi bote muliweka. Shangazi akasema:

— Ku ziwa, ndiyo. Na mu fufu uliweka nini? Mbona Mbambu alirambishwa kinkina, na leo anakula mpaka sahani? Mbona Kavira anakula? Ni huyu mumoja tu. Uko namumaliza mumoja mumoja, Masika?

— Mulamu, mimi njo nilimuzaa.

— Bachawi banaanza na batoto babo.

Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Nilingoja aseme. Alikuwa mutu wa sauti kubwa mu kukata miti, sauti yake ilisikika ku kilima kingine. Siku ile alisema:

— Dada, ufanye namna unaona.

Ile maneno pia siisamehe, na Mungu aniache hivyo.

Walimupeleka Kyakimwa kwa shangazi, wakasema ni kujaribu: akikula kule, tutajua. Mama alinifunga mutoto ku mugongo mwenyewe, akakaza kitambaa, akaniambia nimwombe shangazi ampatie kidogo kidogo, tumbo limezoea njaa. Nilimuomba Mungu njia yote kwamba Kyakimwa akule. Kisha nikafikiri: akikula, mama amekwisha. Nikaomba asikule. Kisha nikasikia mbavu zake ku mugongo wangu, nikaomba tena akule. Sikujua tena ninaomba nini.

Alikula. Shangazi alimufinyangia fufu na vidole vyake vyenye kunuka maziwa, na Kyakimwa akafungua kinywa kama ndege. Akalia akitaka ingine. Shangazi hakumupatia kidogo kidogo. Alimupatia mbele ya bajirani, huku akisema, muone, muone wenyewe. Mashavu yalirudi kabla ya mavuno ya maharagi. Siku ya mizani, Mama Rebeka aliimba hesabu yake, na shangazi akazunguka soko lote na mutoto ku mukono. Kila kilo ya Kyakimwa ilikuwa msumari mu nyumba ya mama yangu.

Wajomba walitoka Beni kumuchukua mama. Hakuna aliyewauliza mbuzi za mahari, walitaka tu atoke haraka. Siye batoto tulikuwa ba ukoo wa baba, tulibaki. Mama alifunga kitunga chake, akaosha mikono ku mulango mbele ya bote, akaipangusa ku nguo, akanishika uso. Vidole vilikuwa baridi. Vilikuwa bado na musitari mwekundu.

Mujukuu wangu Kahambu, mwenye kufanya kazi ku santé, kule banatunza bagonjwa, aliniambia mwaka huu kwamba kuna batoto wanaozaliwa na ulimi mukali. Uchungu ambao mimi na wewe hatuusikie, wao banausikia kama moto. Benyewe kama hao wanaweza kukauka mbele ya sahani yenye kujaa, na benzao wenye ulimi mulaini banakula kila kitu na banavimba, na hakuna mwenye kosa. Nilimwambia: ungezaliwa mbele, zamani zile. Akafikiri ninatania.

Tulikua. Baba aliendelea na maganda yake, na bibi mwingine aliyemuoa akakaa ku kigoda cha mama, akakwangua. Kyakimwa alimwita shangazi mama, na mama aliyemuzaa akamwita tu "ule wa Beni". Alikuwa ameshakuwa binti wa kuchota maji, na mwili wenye nguvu. Akikuja kwa baba kwa sikukuu, hakula. Shangazi alikuwa amemufundisha: karuho ya yule mwanamuke ingali mu vyungu. Na yeye alionja kweli, akasikia uchungu kweli, akaamini.

Baba alipokufa, kifua kilimumaliza, tulizika, tukakaa matanga. Ilipoisha, nilimushika Kyakimwa mukono nikamupandisha mu kamio, lori ya kubeba mbao, yenye kushuka Beni. Sikuomba mutu ruhusa. Nilimwambia: unaenda kumuona aliyekuzaa, hata mara moja, kisha umutukane kama unataka.

Mama alikuwa anakaa Mulekera, pale Beni, nyumba ya udongo na shamba la mihogo nyuma. Alikuwa anauza mafuta ya ngazi, mawese. Alitoka kutupokea, akasimama mbali kidogo na Kyakimwa, kama mutu mwenye kuogopa kuchafua nguo ya mwingine. Akapika fufu na sombe, majani ya mihogo, akaweka mbele yetu, akatoka nje. Kyakimwa alifunga midomo. Nilimuona tena akiwa vile vile alivyokuwa mudogo, uso umegeuka ukutani.

— Kula, nikamwambia.

— Nikufe?

— Basi mimi ninakula. Ukiona ninaanguka, ukimbie.

Nilikula nusu ya sahani na hasira yote. Alinitazama koo. Kisha alimega kidogo sana, kama cha kupatia kifaranga, akaweka ku ncha ya ulimi. Akangoja. Nilijua anangoja nini. Akamega tena. Akakunja uso, lakini haikuwa ya uchungu, ilikuwa ya kufikiri.

— Yaya Kavira, hakuna kitu.

— Kitu gani?

— Ile chungu ya kwa baba. Iko mu fufu, mu uji, mu maji ya kunywa. Banyi hamuisikiaka?

— Hatuisikiaka. Iko namna gani?

— Sawa maganda, akasema. Sawa ile vumbi yenu.

Mama alikuwa ku mulango. Alitazama mikono yake, mbele na nyuma. Kucha zilikuwa zinang'aa kwa mafuta ya ngazi, hakukuwa tena musitari. Alikaa chini pale pale ku kizingiti.

— Niliosha kila siku, akasema. Kila siku niliosha, Kavira, uliniona.

— Nilikuona.

— Kumbe ni kinkina ya Paluku. Akacheka, mara hii bila kuombwa, na haikuwa ya kufurahisha kuisikia. Kinkina ya Paluku njo ilinifukuza kwa Paluku.

Tulibaki kwa mama. Shangazi hakukawia. Alishuka na kamio ya juma lililofuata, amefunga kitambaa cha kanisa, na Mbambu nyuma yake, munene, mwenye jasho, mwenye huruma. Alikuja kuchukua mutoto wake. Alisema vile ku mulango, bila salamu: nimekuja kuchukua mutoto wangu.

— Karibu mulamu, mama akasema. Umetoka mbali. Utakula kwanza.

Ninyi ba kwetu munajua: mwenye kupika anaonja wa kwanza, mbele ya macho ya mugeni, kisha anasukuma sahani. Ni heshima, na pia ni dawa ya wasiwasi. Hata kwa pombe ya ndizi, mwenye mutungi anakunywa wa kwanza. Mama alileta fufu yenye moshi, sombe na samaki wa chumvi ndani, akaweka mbele ya shangazi. Akakaa. Akaweka mikono ku magoti. Hakuonja.

Shangazi alitazama sahani. Njia ya kutoka Kipese ni ndefu na tumbo lake lilinguruma, tulilisikia bote.

— Masika. Hauonje?

— Niko nimeshiba, mulamu.

— Mugeni anaonjewa.

— Kule kwenu nilionja miaka yote, na hamukuamini. Leo uonje mwenyewe.

Mbambu, masikini, alinyoosha mukono. Hakuwa na vita na mutu, alikuwa na njaa. Shangazi alimupiga ku vidole. Kisha akasimama, akakaza kitambaa chake, uso umekuwa wa jiwe.

— Kyakimwa. Chukua nguo zako, twende.

Kyakimwa alivuta ile sahani. Alifinyanga tonge kubwa, akalichovya, akala. Akala lingine. Alikula kama mutu mwenye deni la miaka, samaki, sombe, mafuta yanashuka ku kidevu, na shangazi amesimama juu yake anaita jina lake, kwanza kwa ukali, kisha kwa sauti ingine ambayo sikuwahi kuisikia ku kinywa chake. Sahani ilipobaki tupu, Kyakimwa aliiinua na mikono miwili.

— Mama, uniongeze.

Shangazi aligeuka haraka, juu lile jina lilikuwa lake tangu zamani. Lakini sahani ilikuwa imeelekea upande wa Masika.